Uzio wa Mto Njálla

Sunná alipokubali kazi ya uzio, kaka yake Issát aliacha kuja kunywa kahawa kwake. Hakutangaza, aliacha tu. Kwa miaka mingi alikuwa akiingia bila hodi, anavua buti mlangoni, anakatakata jibini ndani ya kikombe cha kahawa ya moto na kuanza kulalamika: mbu, serikali, jirani wa ng'ambo ya mto, magoti. Kiangazi kile kiti chake kilibaki kitupu, na Sunná, aliyekuwa kila siku akimwambia apunguze sauti, akajikuta anafungulia redio asubuhi ili nyumba isikae kimya.

Wao wawili tu ndio waliobaki katika watoto wa mzee Ásllat. Issát alikuwa mgane asiye na mtoto, mkubwa kwa Sunná kwa miaka sita, mtu mrefu mwenye mikono iliyokakamaa kwa kamba na maji baridi. Sunná alikuwa mpishi wa shule, na wanawe walikuwa wamehamia mjini. Nyumba zao zilitazamana kwa mbali kando ya Njálla, mto mdogo unaoteremka kutoka milimani na kuingia katika Deatnu, mto mkubwa wa mpakani na Ufini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwa muda wa viangazi vitatu Deatnu na mito yake yote ilikuwa imefungwa. Samoni hakuruhusiwa kuvuliwa, si kwa wavu, si kwa ndoano. Walisema wamebaki wachache mno. Watu wa mtoni hawakubisha kwamba wamepungua, kwani wao ndio walioanza kuona nyavu zikitoka tupu. Walichobishania ni nani aliyewamaliza. Kuna waliosema ni vizimba vya kufugia samaki kule baharini na chawa wa samaki wanaozaliana humo, kuna waliosema ni bahari yenyewe iliyopata joto, na kuna wachache waliosema kwa sauti ya chini kwamba zamani sisi wenyewe tulivua kupita kiasi. Kisha, juu ya msiba ule, akaja samaki mwingine. Alitoka mashariki, mdogo, mwenye nundu mgongoni, nasi tukamwita kibyongo. Kila mwaka wa pili aliingia mtoni kwa makundi yasiyohesabika, akataga, akafa papo hapo na kuozea majini. Ofisi ya uvuvi ikaamua kuziba Njálla kwa uzio wa nondo kutoka ukingo hadi ukingo, katikati ukiwa na chumba cha mtego. Kibyongo akiingia mtegoni auawe. Samoni wa kweli akiingia, atolewe kwa mikono na kuachiliwa upande wa juu. Ilitakiwa mikono inayowajua samaki, na shule ilikuwa imefungwa. Sunná akakubali.

Siku moja dukani Issát alimwona akiingia, akawageukia watu waliokuwa kwenye foleni ya kulipa.

"Jamani, mpisheni bibi jela," alisema. "Ana wafungwa wanamsubiri."

Watu walicheka. Sunná naye alicheka, akamwambia kaka yake kwamba wafungwa wake wana adabu kuliko watu wengine anaowajua. Lakini alipofika nyumbani alikaa na mfuko wa viazi mapajani hata maji aliyoyateleka yakachemka yakakauka. Sababu yake ya kweli hakumwambia mtu. Hakuikubali kazi ile kwa kuupenda uzio, wala kwa kuwaamini sana waliouleta. Alitaka tu kumshika samoni tena.

Bosi wake pale mtoni alikuwa Håvard, mtaalamu wa samaki kutoka kusini, kijana bado, mwenye ndevu chache na macho mekundu ya kukosa usingizi. Alilala katika nyumba ya magurudumu iliyoegeshwa juu ya ukingo. Alikuwa ameufanyia utafiti mto ule kwa miaka mingi, na lugha yetu alijifunza. Aliizungumza polepole, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe. Sunná alimpenda kwa jambo moja. Alipokosea neno na watu wakacheka, aliuliza wanachekea nini, kisha akacheka nao.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Vibyongo walimiminika mtegoni, na Sunná, ndani ya suruali ya mpira iliyomfika kifuani, aliwatoa, akawapiga rungu na kuwatupa kwenye mapipa. Ilikuwa kazi chafu. Harufu ilimfuata hadi kitandani. Ila kila mara, katikati ya migongo ile ya nundu, alitokea samoni. Alimjua kabla hajamwona, kwa ule uzito na utulivu wake. Alimshika kwa mikono miwili chini ya tumbo, akamsimamisha upande wa juu akielekeza kichwa chake kwenye mkondo, akamngojea apate pumzi. Samaki alitulia mikononi mwake, kisha nguvu zikamrudia, zikapita viganjani kama mshituko, akaenda. Sunná alibaki ameinama na mikono mitupu ndani ya maji, akitabasamu peke yake.

Kisha likaja joto. Mvua ilikatika, mbingu ikakaa wazi, na kwa kuwa majira yale jua halizami kwetu, maji hayakupata hata saa moja ya kupoa. Mto ulipungua mpaka mawe ambayo Sunná hakuwahi kuyaona yakatokeza vichwa. Wakati huohuo samoni wakubwa walifika kutoka baharini, na walipofika kwenye uzio, wakasimama.

Hawakuingia mtegoni. Vibyongo waliingia kwa kugombania, lakini samoni walikaa chini ya uzio, katika kidimbwi chenye kivuli, wamejipanga vichwa juu, mikia ikipungapunga taratibu. Sunná aliwatazama kutoka kwenye daraja la mbao lililopita juu ya nondo. Mara kwa mara mmoja alijitenga, akaja hadi kwenye nondo, akazigusa kwa pua, akapita kando yake kutoka ukingo mmoja hadi mwingine akitafuta mwanya, halafu akarudi nyuma. Pua zao zilianza kuchubuka.

Håvard alijaribu kila alichokijua. Alipanua mlango wa mtego, akautilia kivuli kwa matawi, akabadilisha mwendo wa maji kwa mifuko ya mchanga. Samoni hawakushawishika. Alipiga simu ofisini kuomba ruhusa ya kuufungua uzio kwa siku chache. Walimjibu kwamba vibyongo ndio kwanza wamefikia kilele, na kuufungua sasa ni kumwaga kazi ya kiangazi kizima, asubiri mvua. Aliporudi darajani alimweleza Sunná yote bila kuficha, akaongeza kwamba hata hao hawakukosea.

"Hawa wakipanda, mto utaoza mwezi wa tisa," alisema, akiwaonyesha vibyongo. Kisha akawaonyesha wale waliolala kidimbwini. "Wale wasipopanda, hautakuwa na kitu cha kuokolewa."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka mvua, mama Sunná."

Mvua haikuja. Alhamisi asubuhi Sunná alimkuta samoni jike amenasa kwenye uzio. Alikuwa ameupenyeza mdomo kati ya nondo mbili kwa nguvu zake zote, matamvua yakakwama, akashindwa kusonga mbele wala kurudi. Alikuwa mkubwa, mnono wa tumbo, mayai yamejaa. Sunná alimtoa taratibu. Alikuwa bado laini, bado anang'aa, kana kwamba dakika chache zaidi zingetosha kumwokoa.

Kanuni ilisema kila samoni aliyekufa akabidhiwe, agandishwe na kupelekwa kupimwa. Håvard alikuwa ameenda mjini kuchukua vifaa. Sunná alisimama na samaki yule mikononi kwa muda, akatazama barabara, kisha akamfunga ndani ya gunia la viazi, akamlaza chini ya kiti cha gari na kuendesha hadi kwa kaka yake.

Alimkuta Issát kibarazani, akishona wavu ambao sheria haikumruhusu kuutia majini.

"Karibu, bibi jela," alisema Issát bila kuinua macho. "Leo umekuja kunifungia wapi?"

"Kwenye lile jela langu huenei. Nyamaza uone nilicholeta."

Alilifungua gunia. Sindano ya Issát ilisimama hewani. Aliuweka wavu chini, akapiga goti la maumivu mbele ya samaki, akampapasa ubavu kutoka kichwani hadi mkiani kwa kiganja kizima. Aliinama akamnusa. Kwa miaka mitatu harufu ile haikuwa imeingia katika nyumba yake. Sunná akadhani wameshapatana. Akaanza kumwambia kwamba viazi anavyo, kwamba atamchemsha kama alivyokuwa akichemsha mama, na kichwa atamwachia yeye. Issát aliinua kifuniko cha matamvua, akaona mikwaruzo na pua iliyochubuka hadi mfupa, akauliza ametolewa wapi. Sunná akamweleza.

Kaka yake alijifuta mikono kwenye suruali, akasimama.

"Siwezi kumla."

"Issát, ameshakufa. Wakimchukua wao watamkatakata na kumtupa."

"Huyu hakuvuliwa," alisema Issát. "Huyu amejinyonga mlangoni kwake."

"Uzio sikuujenga mimi."

"Hukuujenga. Wewe ni wa kuufunga na kuufungua tu."

Hapo Sunná alipandwa na hasira. Alimkumbusha siku ambazo baba yao alisema wavu mmoja unatosha, na yeye Issát akaongeza wa pili mzee akiwa amelala. Alimwambia asijifanye mtakatifu wa mto. Issát alimsikiliza mpaka mwisho, na hakukana. Alisema tu kwamba wakati ule walikuwa wengi, naye alidhani wataendelea kuwa wengi. Kisha akalifunga lile gunia mwenyewe, akalifunga vizuri kama mtu anayefunga mtoto nguo za baridi, akampa dada yake.

"Mpelekee bwana mdogo wako," alisema. "Mlaze mezani anapolia chakula. Amtazame."

Sunná alifanya hivyohivyo. Håvard alikuwa anakula mkate katika nyumba yake ya magurudumu. Aliisogeza sahani, akamtazama samaki, akatazama gunia, akauliza gunia la viazi limetoka wapi. Sunná alimwambia ukweli: alikuwa amemwiba, akampelekea kaka yake, naye akamkataa. Håvard alitikisa kichwa polepole. Hakumkaripia. Alitoka nje na simu, na Sunná akamwona dirishani akienda na kurudi, mbu wakimzunguka bila yeye kuwajali, na kwa mara ya kwanza akamsikia akipaza sauti kwa lugha yake ya kusini. Aliporudi alisema watu wa ofisini watakutana Jumatatu kulijadili. Waliketi wote wawili wakiwa wamemkodolea macho yule samaki. Hakuna aliyesema kwamba Jumatatu ni mbali.

Jumamosi Sunná alifika mtoni mapema kuliko kawaida. Ukungu ulikuwa bado juu ya maji. Alipokuwa akiteremka kwenye kijia katikati ya miti ya mibetula aliiona mashua ya Issát, ndefu na nyembamba, imefungwa upande wa juu wa uzio. Mwenyewe alikuwa ndani ya mto, maji yakimfika kiunoni, amejiegemeza kwenye nondo, na mkononi ana spana kubwa. Alikuwa amekwisha kuilegeza pembe ya kipande kimoja, kile kilichokaribia ukingo, na nondo za chini zilikuwa zimeachana.

Mlango wa nyumba ya Håvard ulikuwa umefungwa. Sunná angeweza kuita. Sauti moja tu ingetosha, maana Issát alikuwa karibu. Lakini hakuita. Alisimama nyuma ya mti, na kwa kadiri alivyojua nafsi yake alikuwa anamwombea kaka yake amalize haraka. Akajiambia: dakika moja, kisha nitashuka nijifanye nimefika sasa hivi.

Issát aliinama kuifuata nati ya chini. Jiwe aliloliegemeza mguu likasogea. Mguu wake ukapenya katika ule mwanya alioutengeneza mwenyewe, ukaingia hadi gotini, na mkondo, ambao kwa udogo wake wa siku zile ulionekana kama si kitu, ukamsukuma mwili mzima kwenye nondo na kumbana hapo. Suruali yake ya mpira ilijaa maji. Alijaribu kujiinua mara moja, mara mbili. Mara ya tatu kichwa hakikutokeza.

Sunná alipiga yowe. Hakukumbuka baadaye alivyoteremka ule ukingo. Håvard alitoka miguu mitupu, akaruka majini kama alivyokuwa, akamfikia Issát na kumwinua kidevu juu ya maji. Alivuta, lakini mguu haukutoka. Kila alipomvuta kwenda juu, mkondo ulimrudisha kwenye nondo.

"Inua!" alimpigia kelele Sunná. "Inua kipande chote!"

Winchi, mashine ya mkono ya kuinulia vipande vya uzio, ilikuwa juu ya daraja. Sunná alikwenda akaushika mpini. Ulikuwa mzito, na kile kipande kilichokwisha kulegezwa pembe moja kilipanda upandeupande, kikikwaruza. Alizungusha huku analia, anamtukana kaka yake kwa majina aliyokuwa akimwita walipokuwa watoto. Nondo zilipinda. Kisha kitu kikakatika chini, kipande kikapanda kwa kishindo, na mto ukapita. Issát na Håvard walipita pamoja nao, chini ya daraja, hadi ndani ya kidimbwi walimokaa samoni. Sunná alipokimbilia upande wa pili aliwaona wametokeza kwenye kina kifupi, kijana amemkumbatia mzee kwa nyuma, wote wanakohoa.

Walimvuta hadi kwenye nyasi. Mguu ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kifundo, midomo imekuwa ya buluu, lakini alikuwa anapumua na macho yake yalikuwa wazi. Sunná alimfunika kwa koti lake na blanketi za Håvard. Helikopta iliitwa. Walipokuwa wakiisubiri, Issát aligeuza kichwa upande wa mto, akanyoosha kidole.

Samoni walikuwa wanapita. Wa kwanza alikwenda taratibu, kama haamini, akasimama katikati ya lile pengo, kisha akapiga mkia. Wengine walimfuata, migongo yao myeusi ikionekana wazi katika maji yale machache, wakubwa kwa wadogo. Na pembeni yao, na nyuma yao, wakipanda kwa fujo na haraka yao ileile, walipita vibyongo.

Håvard alikuwa anatetemeka, nguo zinachuruzika. Sunná alingoja aseme. Kazi yake ilikuwa kulifunga lile pengo, hata kama ni kwa nyavu na mbao, na vifaa vya kufanyia hivyo vilikuwepo palepale ukingoni. Yeye alijua hivyo, na Sunná alijua, na hata Issát aliyelala chini alijua.

"Kipande kimepinda," alisema hatimaye Håvard, kwa lugha yetu, neno kwa neno. "Kinahitaji fundi. Fundi yuko mjini."

"Leo Jumamosi," alisema Sunná.

"Ndiyo. Leo Jumamosi."

Akaketi kwenye nyasi karibu na Issát, na hakugusa ubao wala wavu.

Pengo lilikaa wazi hadi Jumatatu. Siku ileile mvua ikanyesha, mvua kubwa ya siku nzima, na ofisini walisema kwamba lau ingesubiriwa kidogo tu, samoni wangepanda kwa njia yao na vibyongo wangezuiwa. Pengine walisema kweli. Håvard aliulizwa kwa nini hakuziba, akajibu kwamba angeweza kuziba na hakuziba. Alirudishwa kusini kabla kiangazi hakijaisha. Siku ya kuondoka alipita kwa Sunná kuaga, akanywa kahawa yenye jibini akiwa ameketi kwenye kile kiti cha Issát, na alipotaka kusema jambo zito akakosea neno moja, wakacheka wote wawili, na lile jambo halikusemwa.

Issát alilazwa hospitalini mjini muda mrefu, kwa maana maji yalikuwa yamemwingia kifuani na mapafu yakawaka. Sunná alikuwa akimtembelea kila mwisho wa wiki na nyama kavu na magazeti. Mwanzoni walizungumzia chakula kibovu cha pale na manesi wanaomwamsha ili kumuuliza kama amelala. Siku moja Sunná hakuweza tena kukaa nalo.

"Asubuhi ile nilikuona," alisema. "Nilikuwepo kabla hujateleza. Nilinyamaza."

Issát aliendelea kutazama dari.

"Najua," alisema. "Na mimi nilikuona. Ule wekundu wa koti lako unaonekana mpaka Ufini."

"Mbona hukuniita?"

"Nilidhani umekuja kunisindikiza."

Sunná aliona machozi yanamjia, akajishughulisha na kumenya chungwa. Kaka yake aliuliza samoni walipita wangapi. Sunná hakujua. Katika kazi ile yote, siku ile ndiyo pekee ambayo hakuna aliyewahesabu.

Mwezi wa tisa alipanda mto peke yake kwa miguu, hadi kwenye changarawe za juu walikozaliana samoni tangu enzi za wazee wake. Harufu ilimpokea kabla hajafika. Vibyongo walikuwa wamelala kila mahali, kwenye mawe, kwenye mizizi ya miti iliyoinamia maji, weupe, wametoboka macho, na shakwe walioshiba hata hawakuruka alipopita. Maji, ambayo baba yake alikuwa akiyanywa kwa kikombe cha mti, yalikuwa na utando juu yake. Alitembea na leso puani mpaka jua likainama, hakuona samoni hata mmoja. Alirudi nyumbani akalala bila kula. Usiku kucha aliwaza kwamba wale waliosema wangoje mvua walikuwa sahihi, na kwamba wao watatu, kwa huruma yao, waliuua mto.

Hata hivyo mwezi wa kumi alirudi. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka, maji yamejaa na kusafika, mizoga imezolewa na mafuriko. Pale juu, mahali mto unapopinda, aliona changarawe ikiruka. Samoni jike alikuwa amelala ubavu, anachimba kwa mkia, kila pigo likiinua wingu la mchanga. Dume mwenye taya iliyopinda alisimama kando yake. Mbele kidogo kulikuwa na shimo lingine jipya, na ng'ambo ilionekana kama kuna lingine. Hawakuwa wengi. Alipokuwa msichana, wakati kama ule maji yote ya mahali pale yalikuwa yakichemka kwa samaki. Alichuchumaa kwenye theluji akatazama mpaka miguu ikafa ganzi.

Issát alikuwa amerudi nyumbani, anatembea kwa mkongojo na kukohoa kila anapopanda ngazi. Daktari alimwambia mapafu yale hayatakuwa kama zamani. Sunná alimweleza yote mawili, ya mwezi wa tisa na ya mwezi wa kumi, ingawa njiani alikuwa ameazimia kumweleza la pili tu. Kaka yake alisema hatajuta. Kisha, baadaye, wakati Sunná anaosha vikombe, akasema kwamba huenda atajuta, itategemea.

Majira ya kuchipua simu iliita. Ofisi ilikuwa inajenga uzio mpya, wenye mlango mpana zaidi, kwa ajili ya kiangazi cha mwaka utakaofuata, ambacho vibyongo wangerudi tena, na walitaka kujua kama Sunná atafanya kazi. Alisema atawajibu. Alimsimulia Issát akitarajia dhihaka, akawa amejiandaa kwa majibu yake mwenyewe. Issát alikata jibini, akalidondosha kwenye kahawa, akalikoroga.

"Nenda," alisema. "Wakimpata mtu asiyewajua, itakuwaje?"

"Na wakisimama tena? Wakikataa kuingia?"

Kaka yake alikunywa kahawa, akakohoa, akashika kifua. Nje barafu ilikuwa imeanza kupasuka, na sauti yake ilisikika ndani ya nyumba kama mizinga ya mbali. Sunná aliinua simu, akaiweka tena chini, akasogea dirishani. Vipande vikubwa vya barafu vilikuwa vinateremka, vinagongana, vinakwama kwenye mpindo na kusukumwa mbele na vingine. Alisimama pale hadi kahawa yake ikapoa. Kisha akapiga simu kusema atakwenda, na kuuliza, kabla ya jambo lingine lolote, ni nani safari hii atakayekuwa na ruhusa ya kuufungua uzio.

Upande wa pili wakamwambia hilo bado halijaamuliwa.